UZI: Nguvu za mwanamke baada ya miaka 45. Dumu la maji, mifupa, komahedhi na mwili ulionao sasa

#1 Fizio_wa_Mkwakwani (mleta uzi)

Dada zangu, mama zangu na mashangazi, habari za humu. Kwa wakubwa zangu, shikamooni.

Uzi huu ni wa mwanamke wa miaka 45 na kuendelea, hata akiwa na 80. Maswali yanayoletwa jukwaani yanafanana: tumbo lililoota bila kuongeza chakula, magoti yanayouma kwenye ngazi, joto la ghafla usiku, mkojo unaochomoka ukicheka. Majibu nayo yanafanana: pumzika, umri umekwenda. Mimi nasema kinyume. Mwili wa umri huu unataka kubebeshwa mzigo kwa kipimo, kulishwa vizuri na kuangaliwa na watu wanaoujua. Na mwanamke akiona dumu lililomshinda mwezi uliopita leo linanyanyuka, anaanza kuutazama mwili wake kwa heshima, jambo ambalo maneno matamu mbele ya kioo hayalileti.

Kinachotokea ndani ni hiki. Kuanzia miaka ya 30, mtu asiyefanyia misuli yake kazi hupoteza kama asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila miaka 10, na baada ya 60 kasi inaongezeka. Kwa mwanamke kuna la pili: estrojeni ndiyo inayozuia mifupa isibomolewe haraka kuliko inavyojengwa. Hedhi ikikoma homoni hiyo inashuka, na katika miaka 5 hadi 7 ya mwanzo anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya msongamano wa mifupa. Haiumi, haiwashi, haina dalili. Mtu anakuja kujua akiteleza bafuni na kuvunjika kifundo cha mkono au nyonga.

Lakini misuli haikatai kazi kwa sababu ya umri. Mwaka 1990 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya wazee wa miaka 86 hadi 96 waliokuwa wakiishi kwenye makao ya wazee, wakifundishwa kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Kwa 9 waliomaliza, nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Mifupa nayo inaitikia: huko Australia, utafiti uliochapishwa 2018 uliwapa wanawake waliokoma hedhi na wenye mifupa iliyopungua mazoezi ya uzito mkubwa, dakika 30, mara 2 kwa wiki, kwa miezi 8, chini ya usimamizi. Msongamano wa mifupa ya uti wa mgongo sehemu ya kiuno uliongezeka kwa karibu asilimia 3. Kundi lililofanya mazoezi mepesi nyumbani lilipungukiwa. Maana yake, kutembea ni kuzuri kwa moyo ila hakutoshi kwa mfupa.

Jipime kwanza. Tafuta kiti imara kisicho na magurudumu, kimo cha sentimita 43 hadi 45, kiegemeze ukutani kisiteleze. Kaa, kunja mikono kifuani, kila kiganja kwenye bega la upande wa pili. Mtu akushikie saa kwa sekunde 30. Simama wima kabisa, kaa, rudia, hesabu. Kwa mwanamke wa miaka 60–64, chini ya 12 ni hafifu. 65–69, chini ya 11. 70–79, chini ya 10. 80–84, chini ya 9. Aliye chini ya 60 alenge juu ya hapo. Ukilazimika kujisukuma kwa mikono andika sifuri. Sifuri si aibu, ni mahali pa kuanzia. Halafu simama karibu na ukuta, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Usipofikisha sekunde 10 bila kushika kitu, mazoezi ya kusimama imara ndiyo ya kwanza kwako kabla ya mzigo mkubwa.

Ratiba naiweka post inayofuata, imekuwa ndefu.

#2 Fizio_wa_Mkwakwani

Siku 2 kwa wiki, zisifuatane, mfano Jumatatu na Alhamisi. Dakika 30 hivi. Vifaa: kiti, ukuta, dumu la lita 5 yenye mpini, baadaye la lita 10 na la 20. Faida ya dumu ni kwamba lita 1 ya maji ni kilo 1 kamili, na ile chupa ndogo ya nusu lita inakuwa kipimo cha kuongezea. Hakuna dambeli ya dukani itakayokuruhusu kupanda nusu kilo nusu kilo kwa bei hiyo.

Zoezi la kwanza ni lile lile la kukaa na kusimama. Ukifika mara 12 bila mikono, kumbatia dumu lenye lita 3 kifuani. Kaa taratibu kwa hesabu ya 3, usijitupe. Kujitupa ndiko kunakoumiza mgongo, na pia kunakunyima nusu ya zoezi, kwa sababu misuli inajengwa sana wakati wa kushuka.

La pili ni kunyanyua dumu kutoka chini, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapokosea. Jifunze kwanza bila mzigo. Upe ukuta mgongo, simama hatua moja fupi kutoka ukutani, miguu upana wa nyonga. Sukuma makalio nyuma mpaka yaguse ukuta. Magoti yanakunjika kidogo tu, mgongo unabaki ulivyokuwa umesimama, kifua kinaelekea sakafu. Utahisi mvutano nyuma ya mapaja. Ukiuhisi kiunoni, basi umekunja mgongo badala ya nyonga: rudi, anza upya. Ukishaweza mara 10 safi, weka dumu katikati ya miguu. Si mbele ya vidole, katikati. Kila sentimita dumu linavyokwenda mbele, kiuno kinalipa zaidi. Anza na lita 5. Dumu la lita 20 lina nafuu yake: mpini uko juu, hulazimiki kuinama sana, kwa hiyo hata likiwa na lita 8 tu ndani ni bora kuliko la lita 5 lililo chini kabisa.

Angalizo moja: dumu lisilojaa linayumba. Maji yanakimbilia upande mmoja na kukuvuta. Kwa mazoezi ya mkono mmoja tumia dumu dogo lililojaa, au jaza mchanga mkavu. Lita 1 ya mchanga mkavu ni kama kilo 1.6, hivyo dumu la lita 5 likijaa linakaribia kilo 8. Mpini ukikata vidole, zungushia kitambaa.

La tatu ni kuvuta. Mkono mmoja kwenye kiti, nyonga zimekunjwa kama zoezi la pili, mkono mwingine unavuta dumu kuelekea kiunoni, kiwiko kikipita karibu na mbavu. Hili ndilo linalonyoosha mgongo wa juu unaoanza kupinda. Asiyetaka dumu atumie tyubu kuukuu ya baiskeli: fundi baiskeli anazo. Kata ilipo valvu, osha kwa sabuni, kausha, ivute mbele ya mwanga uone kama ina nyufa. Izungushe kwenye nondo ya dirisha, kamwe si kwenye kitasa cha mlango, mtu akifungua inakurudia usoni.

La nne, pushapu. Ukutani kwanza, kisha ukingo wa meza nzito, kisha sakafuni ukipiga magoti. La tano ni la kumalizia: beba dumu mkono mmoja, tembea hatua 20 mwili ukiwa wima bila kuegemea upande, badili mkono.

Mara 8 hadi 12 kwa kila zoezi, raundi 2. Wiki ya tatu, raundi 3. Pumzika dakika 1 hadi 2 kati ya raundi. Uzito sahihi ni ule unaokufikisha mwisho ukiwa na akiba ya mara 2 tu. Ukifanya 12 na ukahisi ungeweza 20, huo ni mwepesi, ongeza nusu lita. Ukikwama kwenye 6, punguza.

Na kila siku, ukipiga mswaki: kisigino mbele ya vidole, kisha nyanyukia vidole mara 15. Hiyo haihitaji ratiba.

#3 Mama_Handeni

Asante mleta uzi. Swali: mwanamke wa kijijini anayelima kutwa na kubeba ndoo kichwani, naye anahitaji haya? Si keshafanya mazoezi tayari?

#4 Fizio_wa_Mkwakwani

Mama, swali zuri. Kazi ya shamba inajenga moyo na ustahimilivu, hilo halina ubishi. Upungufu wake ni mitatu. Mzigo ni ule ule mwaka mzima, na mfupa huongezeka ukikutana na mzigo unaopanda. Jembe la mkono linamweka mtu ameinama saa nyingi kwa mkao mmoja, kwa hiyo kiuno kinachoka huku makalio na mapaja hayafanyi kazi kamili. Na mapumziko hayapo, wakati misuli hujengwa siku ya kupumzika.

Kwa huyo ningepunguza: zoezi la pili na la tatu tu, raundi 2, siku asizokwenda shamba. Pia nyonga za zoezi la pili azihamishie kwenye kazi: kuinua gunia, kuinua mtoto, kutwisha ndoo. Ndoo ya lita 20 kichwani ni kilo 20 juu ya shingo; mwenye ganzi mikononi au maumivu ya shingo aibebe nusu na arudi mara ya pili, au atumie toroli au baiskeli.

#5 Nesi_Kliniki_ya_Mama

Naomba kuongezea upande wetu, kwa sababu nguvu haziji kama mtu halali usiku.

Komahedhi inahesabiwa mtu akimaliza miezi 12 mfululizo bila hedhi. Kwa wengi inatokea kati ya 45 na 55. Kabla ya 40 si kawaida, huyo aende kupimwa. Miaka kadhaa kabla yake hedhi inapishana, inazidi, inaruka, na bado mimba inaweza kuingia. Hilo la mimba linasahaulika sana. Uzazi wa mpango uendelee mpaka daktari aseme basi.

Wapo wanaoamini kuwa damu isiyotoka inabaki tumboni na kugeuka ugonjwa, ndipo mtu anapewa dawa za "kusafisha". Hakuna damu iliyobaki. Mayai yamepungua, homoni zimeshuka, ukuta wa kizazi hauongezeki tena unene, kwa hiyo hakuna cha kutoka. Dawa hizo za kusafisha, hasa zinazowekwa ukeni, zinaunguza ngozi ambayo tayari imekuwa nyembamba.

Joto la ghafla: hudumu dakika chache, huanzia kifuani kupanda usoni, jasho, moyo unakwenda mbio. Andika wiki 2 linakuja saa ngapi na baada ya nini. Pilipili, pombe, chai ya moto sana, chumba kisichopitisha hewa ni vichochezi vya wengi, si vya wote. Lala na kanga mbili nyepesi badala ya blanketi moja zito, ili uondoe moja bila kuamka kabisa. Sigara inazidisha.

Likizidi kiasi cha kuharibu usingizi na kazi, tiba ya homoni ipo na inafanya kazi. Hatari zake ni ndogo zaidi kwa anayeanza kabla ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome. Mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake. Lazima iende na projesteroni au jamii yake, la sivyo ukuta wa kizazi unaota kupita kiasi na saratani inaweza kuanza. Haiwafai waliowahi kuwa na saratani ya matiti, damu kuganda kwenye mishipa, kiharusi, ugonjwa wa ini, au wanaotokwa na damu isiyojulikana chanzo. Hii si dawa ya kuazimana na jirani.

Sasa la kukariri: ukishakoma hedhi, damu yoyote, hata tone moja kwenye nguo, ni ya kwenda hospitali wiki hiyo hiyo. Mara nyingi inakutwa ni ukavu tu. Lakini ndivyo saratani ya kizazi inavyobisha hodi, na ikikamatwa hapo inatibika.

#6 Binti_Rufiji

Nesi, vipi kile kipimo cha siki, cha saratani ya mlango wa kizazi? Mama yangu mdogo ana 57, aliambiwa hakimfai, akarudi nyumbani akijua ameshavuka hatari.

#7 Nesi_Kliniki_ya_Mama

Hajavuka, dada. Maelezo yalikatika njiani. Kipimo cha siki kinategemea mtoa huduma kuona sehemu ya mlango wa kizazi ambayo saratani hupenda kuanzia. Baada ya komahedhi sehemu hiyo inarudi ndani ya njia ya kizazi, haionekani. Ndiyo maana kwake kinachofaa ni kipimo cha HPV, virusi vinavyosababisha saratani hiyo, ambacho sampuli inachukuliwa kwa kijiti laini chenye pamba, na anaweza kujichukulia mwenyewe akielekezwa. Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo cha HPV kuanzia miaka 30, kila miaka 5 hadi 10; anayeishi na VVU aanze 25, kila miaka 3 hadi 5. Akirudi kituoni aulize kwa jina: "nataka kipimo cha HPV". Kikikosekana, aulize hospitali ipi ya rufaa inacho.

#8 Mzee_Kijana_Kigamboni

Kinamama msinichukie, ila kunyanyua uzito si ndiko kunakoshusha kizazi? Wanaume wengi tutawakataza wake zetu kwa hofu hiyo.

#9 Fizio_wa_Mkwakwani

Mkuu, hofu hiyo ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi. Kinachosukuma kizazi chini ni shinikizo la tumbo likikutana na misuli dhaifu ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu na kizazi kwa chini. Shinikizo hilo linapanda mtu akibana pumzi huku akinyanyua. Linapanda vile vile akijikamua chooni kwa sababu ya choo kigumu, akikohoa miezi, au akivaa mkanda wa kubana tumbo. Huo mkanda hauyeyushi mafuta. Unayahamisha, na shinikizo linakwenda chini. Kibwebwe cha kanga wakati wa mazoezi kifungwe cha kuzuia dera lisikanyagwe tu, kisikaze tumbo.

Basi kanuni ni hizi: toa pumzi wakati wa kunyanyua, vuta wakati wa kushusha. Na kabla ya kunyanyua, kaza sakafu ya nyonga. Jinsi ya kuikaza: jifanye unazuia upepo usitoke, hapo hapo na mkojo, kisha vuta vyote viwili juu kwa ndani. Tumbo, mapaja na makalio vitulie. Weka kiganja tumboni. Kikisukumwa nje, unasukuma badala ya kuvuta. Shikilia sekunde 8 ukiendelea kupumua, achia kabisa sekunde 8. Mara 8, mara 3 kwa siku, angalau miezi 3. Mwanzoni sekunde 3 zinatosha. Kuachia ni nusu ya zoezi. Misuli iliyokazwa muda wote nayo inavuja. Usifanyie mazoezi kwa kukatisha mkojo chooni kila siku, unaizoesha kibofu kutokumaliza. Na ukihisi chafya au kikohozi kinakuja, kaza kwanza ndipo upige chafya.

Mwenye kuhisi uvimbe ukeni au uzito kama kuna kitu kinatoka, aone daktari kabla ya madumu. Mara nyingi ataruhusiwa kuendelea na mzigo mdogo, au kuwekewa pesari, kile kipete cha mpira cha kuinua kizazi. Anayevuja mkojo muda wote, hata akiwa amelala, hiyo inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na haitibiwi kwa mazoezi. Ni upasuaji, na hospitali ya CCBRT Dar es Salaam wanaufanya bila malipo.

Kwa hiyo mkuu, badala ya kumkataza mkeo, mshikie saa.

#10 Mapishi_na_Afya_Iringa

Mnajenga nyumba bila tofali. Mwanamke wa umri huu anahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 70 ni gramu 70 hadi 84. Chai na maandazi asubuhi, wali na mchuzi mchana, chai tena jioni: hapo hafiki hata nusu.

Hesabu ya jikoni, kwa makadirio: yai 1 gramu 6. Maziwa kikombe cha mililita 250, gramu 8. Maharage yaliyopikwa kikombe kimoja, gramu 15. Dagaa wakavu gramu 30, yaani kiganja kimoja kilichojaa, gramu 16 hivi. Samaki au nyama iliyopikwa gramu 100, gramu 25. Kwa hiyo mayai 2 na maziwa asubuhi, maharage na dagaa mchana, kipande cha samaki usiku: 76. Asiyemudu samaki kila siku aongeze dagaa na choroko. Mgawanyo una maana: misuli ya mtu mzima haistuki kwa gramu 10, inataka 25 hadi 30 kwa mlo, hivyo usiweke yote usiku. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii bila daktari wake.

Kalsiamu: lengo ni miligramu 1,200 kwa siku kwa aliyepita 50. Maziwa kikombe ni kama 300. Dagaa wanatoa kwa sababu wanaliwa na miiba, basi msiwachambue mpaka wabaki minofu. Waosheni kwa maji ya uvuguvugu kutoa mchanga, na wenye presha wawaloweke kwanza waliotiwa chumvi. Mchicha una kalsiamu nyingi ila pia oksalati inayoishikilia isifyonzwe. Sukuma wiki inaachia vizuri zaidi. Sisemi muache mchicha, una mengine mazuri; msiutegemee kwa mifupa tu.

Na jua. Wanaojisitiri mwili mzima wapate muda uani, mikono na miguu wazi, mara kadhaa kwa wiki. Vibua na viini vya mayai vinasaidia vitamini D.

#11 Nyanya_wa_Voi

Hamjambo wa Bongo. Huku kwetu mtungi wa lita 20 ndio dumu lenu. Nataka kusema juu ya vikundi, maana mtu akifanya peke yake huacha wiki ya nne, mwili ukiwa haujaonyesha chochote. Nguvu za wiki 4 za kwanza ni neva kujifunza. Misuli yenyewe huonekana wiki ya 8 hadi 12.

Wanawake walio kwenye chama cha akiba tayari wana siku, mahali na mweka hazina. Wanachokosa ni dakika 30 kabla ya kuhesabu pesa. Kikundi cha 10: viti 5, mitungi 5 yenye uzito tofauti, kila jozi kituo kimoja, dakika 2, kisha mnazunguka. Mmoja anafanya, mwenzake anahesabu na kuangalia mgongo. Mizunguko 2 inaisha ndani ya nusu saa. Uzito uandikwe na peni ya marka ubavuni mwa mtungi. Msishindane kwa kilo. Kila mmoja ashindane na daftari lake la mwezi uliopita.

Mfano haukosi. Korogocho, Nairobi, shosho (bibi) wa kikundi cha Shosho Jikinge wamejifunza kupiga ngumi na mateke ili kujilinda. Limpopo, Afrika Kusini, bibi wa Vakhegula Vakhegula wanacheza kandanda, timu iliyoanzishwa na Beka Ntsanwisi. Marekani yupo Ernestine Shepherd, mtunisha misuli aliyezaliwa 1936, akaanza mazoezi akiwa na 56.

#12 Ushauri_Nasaha_Unguja

Naomba nizungumzie kichwa na moyo, kwa sababu kuna mwanamke atasoma yote haya na asinyanyue hata glasi. Estrojeni ikiyumba, hisia nazo zinayumba, na miaka inayotangulia komahedhi ni miaka ya hatari zaidi ya sonona, hasa kwa aliyewahi kuipata. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kwa wiki 2 mfululizo, usingizi kuvurugika bila joto, kuhisi huna thamani: huo ni ugonjwa, una tiba. Kuwaza kujidhuru ni dharura, aende hospitali siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake.

Kwa msongo wa kawaida, njia ya Zimbabwe inafaa hata kwetu. Dk. Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa Harare kukaa kwenye benchi na kumsikiliza mtu, na majaribio yaliyochapishwa 2016 yalionyesha dalili zinapungua. Utaratibu wenyewe: taja matatizo yote bila kuyapanga. Chagua moja, si kubwa kuliko yote, bali lile unaloweza kuligusa wiki hii. Panga hatua moja ndogo yenye siku na saa. Rudi umwambie yule yule mtu ilikuwaje. Tatizo ambalo halina ufumbuzi wiki hii linabaki kwenye orodha, halifutwi kwa kuambiwa "vumilia".

Kuhusu kuukubali mwili. Mafuta kuhama kutoka nyonga kuja tumboni ni kazi ya homoni, si uvivu. Mwanamke asijilaumu kwa umbo. Ila kiuno akipime, kwa sababu ya moyo na kisukari: utepe upite katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, juu ya ngozi, baada ya kutoa pumzi. Kuanzia sentimita 80 hatari inaanza kupanda, kuanzia 88 imepanda sana. Mara 1 kwa mwezi inatosha; mizani ya kila asubuhi inamchosha mtu bure, hasa anapojenga misuli, kwani tumbo linapungua na kilo zinabaki pale pale.

Na mikorogo tafadhali tuiache. Krimu zenye steroidi kali zinakondesha ngozi ambayo umri umeshaikondesha, inachubuka na kuchelewa kupona. Ukavu wa faraghani nao usifichwe kwa mume kana kwamba ni kosa. Kilainishi cha maji kinasaidia tendo, na estrojeni ya kupaka ukeni inasaidia ngozi yenyewe, kwa ushauri wa daktari. Wanaotumia kondomu wasipake mafuta ya nazi, mpira unapasuka.

#13 Mama_Handeni

Mwenye presha na mwenye magoti je? Na kuna mama wa 68, akikaa kwenye kiti hanyanyuki bila kushikwa mkono. Aanzie wapi?

#14 Fizio_wa_Mkwakwani

Presha: iliyopimwa na inayotibiwa haizuii mazoezi, inasaidiwa nayo. Ipimwe kabla. Ikiwa 180/110 au zaidi, hakuna kunyanyua, aende kituo cha afya. Asibane pumzi, asinyanyue juu ya kichwa mwanzoni. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata: acha hapo hapo.

Magoti: maumivu hadi 3 au 4 kati ya 10 yanavumilika, mradi kesho saa kama hiyo yawe yametulia. Yakizidi hapo, usiache zoezi, pandisha kiti na upunguze mzigo. Goti lililovimba, la moto, au linalokwama halikunjuki, likaonwe.

Huyo mama wa 68, kwanza aulizwe kama alianguka mwaka huu na dawa anazotumia, maana baadhi za presha na za usingizi zinalegeza miguu. Halafu pandisha kiti: godoro dogo au blanketi zilizokunjwa zikazwe kwa kamba juu ya kiti, hadi afike kimo anachoweza kunyanyuka mwenyewe, hata kama ni sentimita 60. Kiti kiwe ukutani, meza nzito mbele yake ya kuwekea ncha za vidole. Asogee mbele ya kiti, visigino viwe nyuma kidogo ya magoti, ainame pua ivuke vidole vya miguu, ndipo asimame. Wengi hawanyanyuki kwa sababu wanajaribu kupanda juu bila kwenda mbele kwanza. Mara 5, asubuhi na jioni, mtu akiwa pembeni bila kumvuta. Akifanya siku 3 bila kugusa meza, toa blanketi moja.

Mlete majibu baada ya wiki 2, tumrekebishie.